Mwaka wa Diski Mbili

Kambale alishuka kwenye ndege pale uwanja wa Mavivi, nje ya Beni, akiwa amekumbatia sanduku jeusi kifuani, na begi lake kubwa amewaachia wabebaji kama vile si lake. Nilikuwa nimemsubiri nje tangu asubuhi pamoja na watu wengine, sote tukitazama angani, na nilikuwa nimejiandalia maneno ya rambirambi, kwa sababu baba yake alizikwa miezi michache kabla bila yeye kuwapo. Maneno yale sikuyatumia. Mwanaume mwenye kipara na tumbo alinifikia, hakunipa hata mkono, akaniwekea lile sanduku mikononi. "Kavira," akasema, "ninayo yote. Na ya tatu iko ndani." Nilielewa papo hapo. Hatukuwa tumeonana tangu ujana wetu, na aliyetuona siku ile angedhani tumerukwa na akili: watu wazima wawili, mmoja mwalimu wa Kifaransa wa sekondari hapa Beni, mwingine fundi wa lifti huko Ulaya, wamesimama kwenye vumbi wanalia kwa ajili ya mchezo wa kompyuta.

Njiani kwenda Butembo aliliweka sanduku mapajani akanionyesha kitu kimoja kimoja, huku dereva akituchungulia kwenye kioo. Lilikuwa toleo maalumu la wakusanyaji, yaani limetengenezwa kwa ajili ya watu wanaonunua kitu cha zamani si kwa kukitumia bali kwa kukiweka kabatini na kukitazama. Kulikuwa na ramani ya nyota iliyochapwa kwenye kitambaa, meli ndogo ya chuma inayoenea kiganjani, kitabu cha michoro, kadi yenye muhuri wa kuthibitisha kwamba sanduku ni halisi, na diski moja tu, maana siku hizi moja inabeba kile ambacho zamani kilihitaji tatu. Nilimuuliza kama ameshacheza. Alitazama mikaratusi ya kando ya njia, kisha akasema, "Ya kwanza na ya pili, ndiyo. Ya tatu, hapana. Nilifika pale nikazima." Nikamwambia kwamba hata mimi simu ninayo miaka mingi, ningeweza kuutafuta mwisho wa hadithi ile nikiwa nachemsha chai, lakini sijawahi. Hatukuulizana sababu. Sababu ilikuwa inatungoja Butembo, imekaa kwenye kiti chake cha mwanzi, macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa namaliza sekondari. Kuhusu kwetu sitaeleza mengi. Tulikuwa jirani wa ukuta mmoja na kina Kambale, hilo linatosha. Baba yake alikuwa déclarant, mtu wa kuwatolea wafanyabiashara mizigo yao forodhani, na wiki nzima alikuwa Kasindi, mpakani, akirudi Butembo Jumamosi na vumbi hadi kwenye nyusi. Jumamosi moja alirudi na kompyuta iliyokwishatumika, imefungwa katikati ya marobota ya nguo juu ya lori. Ilikuwa ya kuandikia hati zake, alisema, na mtu asiiguse. Chini ya katoni kulikuwa na kasha la plastiki lenye nafasi ya diski tatu, nazo zilikuwamo mbili. Kwenye jalada alichorwa mwanamke aliyevaa nguo ya rubani, nyuma yake sayari nyekundu, na jina refu la Kifaransa ambalo hatukulitumia hata siku moja. Sisi tuliuita mchezo ule "Meli."

Kompyuta iliwekwa katika chumba cha Paluku, kwa kuwa ndicho pekee kilichokuwa na sakafu ya saruji, dari na kufuli. Hapa lazima nieleze jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua. Kwetu Wanande mtoto hupewa jina kwa mpangilio wa kuzaliwa. Paluku ni mvulana wa kwanza, Kambale ni wa pili, kwa hiyo ukiitwa Kambale kila anayekusikia anajua kuna aliyekutangulia. Mama naye huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na mama wa Kambale tulimwita Mama Paluku. Paluku mwenyewe alikuwa amekwenda Kisangani kusoma, kisha vita ikaja, barabara ikakatika, na barua zikakoma. Mfanyabiashara mmoja aliyetoka huko alisema amemwona akiuza sabuni sokoni. Mwingine alipoulizwa alikwepa macho ya mama akaomba maji ya kunywa. Kitanda cha Paluku kilikuwa kimetandikwa shuka la maua, linafuliwa kila Jumamosi, na hakuna aliyekikalia. Sisi tulikaa kwenye benchi la jikoni, magoti yetu yakigusa meza.

Tulicheza Jumapili tu, baada ya misa ya pili, wakati baba wa Kambale alipowasha jenereta kwa ajili ya kunyoosha mashati yake ya wiki. Alikuwa mkali kwa mafuta lakini laini kwa Kambale, na amri yake ya kutogusa haikumaliza mwezi. Butembo ni mji wa baridi; Jumapili zile ukungu ulikuwa bado unaning'inia kwenye mabati saa ambayo watu wa Beni tayari wanatafuta kivuli. Ng'ambo ya ua palikuwa na jiko, na dirisha la jiko lilitazamana na dirisha la chumba. Mama Paluku alipika akiwa huko: sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa tangu alfajiri, samaki wa ziwani, maharagi yenye puaro, vile vitunguu vya majani marefu, zilizoletwa na watu wa Luofu, bugali wa muhogo uliosongwa mpaka mwiko unalia. Harufu ya puaro zikikaangwa hadi leo inaniletea nyota na sayari, jambo ambalo wanafunzi wangu wakilijua nitakosa heshima darasani.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa maneno mengi na vita kidogo. Kapiteni, mwanamke, anaongoza meli yenye wafanyakazi wachache kati ya sayari na sayari, akitafuta njia ya kurudi kwenye mwezi wa barafu ambako alimwacha mdogo wake wa kiume. Amemlaza ndani ya sanduku la kioo, usingizini, kwa sababu hewa ya meli haikutosha watu wote, naye ameapa kurudi kumchukua. Kila mahali unafungua milango, unaokota vyombo, unawauliza watu maswali, na majibu yote ni Kifaransa cha kitabuni. Kambale alikuwa na mkono mwepesi lakini Kifaransa chake kilikuwa cha kuombea ruhusa ya kwenda chooni. Kwa hiyo yeye alishika kipanya, mimi nikasoma na kutafsiri. Nilitafsiri kwa sauti ya juu ili kushinda jenereta, na sauti hiyo ilivuka ua.

Mwanzoni Mama Paluku alinung'unika kwamba tunapiga kelele siku ya Bwana. Jumapili iliyofuata kelele za mwiko zilinyamaza nilipokuwa nasoma. Jumapili baada ya hapo aliuliza, bila kutoka jikoni, "Kavira, ule mutoto, balimuacha peke yake?"

"Ndiyo, mama. Lakini iko analala tu."

"Analala aje, na baridi ile?"

"Iko mu kisanduku ya kioo, mama. Baridi haimufikie."

"Na dada yake anajua njia?"

"Anaitafuta."

"Mmh," akasema. "Basi atafute mbio."

Tangu siku hiyo hatukucheza wenyewe tena. Tulikuwa tunamchezea yeye. Kabla hata hatujakula aliuliza, "Bamemufikia?" nasi tukajibu bado, mama, na alitupakulia sombe kwa mkono mzito au mwepesi kulingana na habari za safari. Nilifanya bidii ya Kifaransa mwaka ule kuliko miaka yote ya shule, si kwa ajili ya mtihani wa taifa bali kwa sababu nikikosea neno, mama alisikia. "Hapana, Kavira," alisema siku moja, "Jumapili ile ingine ulisema ule mutu ni murafiki. Leo ni adui. Angalia muzuri." Nikatazama tena, na kweli nilikuwa nimekosea.

Nilijua alichokuwa anakisikiliza. Ukuta wetu ulikuwa mmoja, na asubuhi moja ya Jumapili, nikipiga pasi sare ya kwaya, nilimsikia baba akisema kwa sauti ya chini, "Mama Paluku, tuombe misa. Tuweke matanga, batu bakuje, tulie, tumalize. Batu banasema." Akajibiwa, "Misa ya nini? Uliona maiti?" Baba akasema hapana. "Basi mutoto wangu yuko safarini," mama akasema. "Mwenye kusema amekufa, akuje aniambie mu macho." Kisha nikasikia sahani zikiwekwa mezani moja moja. Nilimwonea huruma baba, na hilo sikulitarajia, kwa maana nilizoea kuwahurumia akina mama tu.

Jumapili iliyofuata fundi wa meli alikufa. Alikuwa mzee mcheshi aliyependa kumtania kapiteni, tulimpenda, na alikufa akiziba tundu la hewa ili wengine wapone. Nilisoma maneno yake ya mwisho. Kambale alikuwa ameshasogeza kipanya kwenda mlango wa pili, mara Mama Paluku akatokea mlangoni, mikono ina unga hadi viwikoni.

"Kambale! Mutu amekufa, na wewe unaendelea?"

"Mama, ni mchezo."

"Mchezo, lakini amekufa. Hana bibi? Hana batoto? Mutu anakufa juu ya kuwaokoa, munamuruka sawa vile mbwa ku barabara? Simameni."

Tukasimama. Kambale alinyoosha mkono kuzima kompyuta, mama akamkemea tena: kwetu moto wa matanga hauzimwi kabla watu hawajaondoka, na kwa kuwa kwa fundi yule hatukuwa na moto mwingine, ule mwanga wa kioo ndio moto wake. Uachwe. Tukatoka uani, tukakaa kwenye majani ya migomba aliyoyatandika mwenyewe, tukala kimya bugali na maharagi bila samaki, kama inavyoliwa msibani. Mama Paluku alianza kuimba wimbo wa kanisani wa kuwaaga wafu, katikati akashindwa, akafunika uso kwa kitenge. Alilia mchana mzima. Kambale aliniangalia, nami nikatazama majani. Tulikuwa wadogo, lakini hatukuwa wajinga kiasi cha kudhani machozi yale yote ni ya fundi wa meli.

Baba alirudi kutoka kwenye kikao cha parokia akatukuta hivyo, jenereta inanguruma, mashati hayajanyooshwa. Akavua kofia.

"Nani amekufa?"

"Mécanicien, papa," Kambale akasema.

"Wa lori ya Kasindi?"

"Hapana, papa. Wa Meli."

Baba aliwaza kidogo. Alimtazama mkewe, akatazama dirisha lenye mwanga, na badala ya kuuliza habari ya mafuta akaketi kwenye majani pamoja nasi. Sijamsahau kwa hilo. Tuliporudi ndani jioni tulikuta kapiteni na wafanyakazi wote wamekufa kwa kukosa hewa. Saa ya hewa ya mchezo ule ilikuwa inatembea daima, uguse usiguse, na wakati sisi tuko matangani hewa ilikuwa inaisha. Tulilazimika kuanza upya karibu robo ya safari. Mama alipoelezwa alishika kiuno. "Bote? Na ninyi mulikuwa wapi?" Kambale alicheka hadi akakaa chini, kisha mama naye akacheka, macho bado mekundu, na ndiyo mara pekee mwaka ule niliyomwona akicheka hivyo.

Mwisho wa mwaka, mvua zikiwa zimekolea, tulifika kwenye mwezi wa barafu. Meli ilitua. Kapiteni akafungua mlango, akaona mbali mwanga mdogo wa buluu, sanduku lile. Kioo cha kompyuta kikawa cheusi, yakatokea maandishi: tafadhali weka diski ya tatu. Nilisoma, na sikutafsiri.

"Inasema nini?" akauliza mama kutoka jikoni.

"Mama, inaomba disque ya tatu. Haiko."

Alikuja hadi dirishani. Kambale, ambaye alikuwa na moyo mwema, alianza haraka haraka: mama, ni wazi, atamfungua, mtoto ataamka, watarudi nyumbani. Mama akainua mkono. "Hapana kunitungia," akasema. "Miye si mutoto. Siku mutajua, mutaniambia. Leo hamujue, basi hamujue." Akarudi kwenye chungu chake. Nilitamani angetuachia tumdanganye kidogo. Nilitaka kumpa kitu, na sikuwa na kitu.

Muda mfupi baadaye kompyuta iliungua na moshi wake ulinuka nyumba nzima. Kambale alivuka Kasindi na mizigo ya baba, akaendelea mbele, Kampala, kisha mbali zaidi. Mimi nikaolewa Beni, nikaanza kufundisha. Miaka ikaenda. Baba alipofariki nilikwenda kuzika, na msomaji wa wasifu aliorodhesha watoto aliowaacha: Paluku, Kambale. Hakuna aliyenong'ona. Mama alikuwa ameketi mbele na mgongo ulionyooka, kana kwamba anamsubiri yeyote athubutu.

Tulicheza Jumapili, siku ya pili ya kufika kwa Kambale, katika chumba kilekile. Alikuwa ameleta kompyuta ya kubeba mkononi. Picha za toleo jipya zilikuwa nzuri mno na zilinikera: barafu inang'aa, nywele za kapiteni zinapepea, kila kitu kimemalizwa hadi mshono wa mwisho. Zamani mwezi ule ulikuwa miraba michache ya kijivu, na sisi ndio tuliojaza kilichobaki, kila mtu na wa kwake. Kwa bahati kuna kitufe kinachorudisha sura ya kale, tukakibonyeza. Mama alikuwa kwenye kiti chake nyuma yetu. Hakuona kitu zaidi ya mwanga, lakini aliposikia muziki ule mwembamba wa meli akasema, "Aa. Njo hii, Meli yetu." Toleo hili linakuruhusu kuanzia sehemu uitakayo. Kambale akachagua ya tatu.

Kapiteni alitembea kwenye barafu. Niliona kwamba sura yake imebadilika, na si kwa urembo wa toleo jipya: ndivyo hadithi ilivyokuwa tangu mwanzo. Safari ile ndefu ilikuwa imemzeesha, na nywele zilikuwa nyeupe. Alifika kwenye sanduku. Kioo cha juu kilikuwa na ukungu, na ilibidi mchezaji abonyeze ili kifunguke. Mkono wa Kambale ulisimama, na mimi niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kwenye barabara yetu ya Beni, ambako magari hushambuliwa, maana nilikuwa nimeyawaza yote mawili usiku kucha. Mtoto akiwa amekufa, sisi ndio tutakaokuwa tumemwambia mama mu macho. Akiwa hai, tutakuwa tumemwongezea mwanamke mzee miaka mingine ya kungoja, na hata sijui lipi ni baya zaidi.

"Juu ya nini munanyamaza?" akauliza. "Fungua."

Kambale akabonyeza. Kifuniko kikapanda, mvuke ukatoka, na kijana akafumbua macho. Nilitafsiri: anaamka, mama. Yuko hai. Anamwangalia dada yake. Anasema, dada, umezeeka, nililala muda gani?

Mama aliinama mbele kwenye kiti chake. Kisha akauliza, "Na yeye? Amezeeka?"

"Hapana, mama. Iko vilevile. Kijana."

"Hana mvi?"

"Hana."

Muziki ulikuwa unaendelea, kapiteni na mdogo wake wamesimama wanatazamana, mchezo unasubiri. "Paluku wangu angekuwa na mvi leo," akasema. "Angekuwa na bajukuu. Miye kila siku namuwaza na ile shati yake ya shule." Kambale aligeuka, akapiga magoti mbele ya kiti. Mama alimtafuta kichwa kwa mkono, akapapasa kipara chake, akakipapasa tena. "Unaona? Wewe mwenye kuwa mudogo, hata nywele zimeisha. Huyu wa Meli alilala. Paluku hakulala. Paluku alikufa." Sikuwahi kusikia maneno hayo mawili yakikaa pamoja kinywani mwake. Aliyasema bila kupaza sauti, kisha akaomba maji.

Jumatatu asubuhi alitaka kitenge chake cha kanisani, tukampeleka parokiani, Kambale mkono mmoja, mimi mwingine. Ofisini alikuwako binti mdogo anayepokea nia za misa, mgeni kwetu, asiyetujua wala sisi hatumjui. Aliuliza nia, mama akasema ya marehemu. Akauliza jina, mama akasema Paluku, mutoto wangu wa kwanza. Binti aliandika, kisha bila kuinua macho akauliza, "Alikufa lini, mama?"

Kambale akafungua kinywa kueleza habari ya Kisangani, ya barabara, ya miaka yote ile. Nikambana mkono.

"Jana," mama akasema.

Binti aliweka kalamu chini. Alisimama, akazunguka meza, akampa mama mikono yake yote miwili, akasema, "Pole sana, mama." Na Mama Paluku akaipokea.